Fobaifo ya Ukoo Mzima

Mjini Nyeri ukisema mgongo unakuuma utaelekezwa hospitali. Ukisema unatafuta gari, hutaelekezwa popote, kwa sababu kila aliye karibu nawe ni daktari bingwa. Mama anayechoma mahindi pale stendi atakuuliza unataka petroli au dizeli. Mzee wa kanisa atakushika mkono baada ya ibada akuvute pembeni, uanze kujitayarisha kwa habari za sadaka, kumbe ana onyo zito kuhusu giaboksi za otomatiki. Kinyozi wangu nilimtajia jambo hili kwa kupita tu. Akazima mashine, kichwa changu kikiwa nusu, akaanza kunieleza kwa nini gari lisilo na chesisi si gari.

Ninachokitaka mimi si cha ajabu. Nataka gari moja. Si mawili, maana mshahara wa chaki haujui kuhesabu hadi mbili. Linipeleke shuleni Jumatatu hadi Ijumaa bila kuumaliza mshahara huo kwenye kituo cha mafuta, na Jumamosi lipande Aberdare au Mlima Kenya likiwa limebeba hema, jiko la gesi, watoto watatu na mama yao, tulale huko, na Jumapili literemke kwa nguvu zake lenyewe, bila kufungwa kamba nyuma ya trekta ya mtu. Magari ya namna hiyo wenyewe wanayaita fobaifo. Kila ninayemweleza hucheka kwanza, ndipo atoe ushauri, na ushauri wenyewe ni mrefu.

Mama yangu hakucheka.

"Una nyumba," aliniambia. "Ina mabati, ina mlango, ina blanketi nililokununulia mimi mwenyewe. Sasa unataka kukopa benki ununue gari la kukupeleka msituni ukalale chini?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana msitu huo anaujua kwa njia nyingine. Baba yake alilala Aberdare enzi za Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa Oktoba 1952. Alilala na mvua, na baridi ya usiku, na mabomu ya ndege za Waingereza, na hakuna aliyemwambia kuwa yuko likizo. Wala hakulipa kiingilio. Leo mjukuu wake anafungua eCitizen, anawalipa KWS, ili akaipate baridi ileile. Mama alimaliza kwa kusema kwamba elimu ina madhara yake, akaenda kukamua ng'ombe.

Haki ya Mungu, hamu hii haikuota hapa kwetu. Ilipanda kutoka Nairobi. Zamani ukija Nyeri ulikuwa unasali Sagana, unachoka Karatina, na unafika ukiwa huna hamu ya kitu kingine ila chai. Sasa kuna ile barabara pana ya Kenol hadi Marua, kilomita 84, na kila Ijumaa jioni inatuletea watu wenye hema juu ya paa la gari, hema lenye ngazi yake, wanaosimama dukani kuuliza njia ya lango la Kiandongoro na kama tuna maziwa yasiyotokana na ng'ombe. Wanamuuliza mwenye duka, na ng'ombe yuko nyuma ya duka anasikia. Watoto wangu waliiona ile ngazi, na tangu hapo hakuna amani nyumbani.

Serikali nayo inataka kutia lami kilomita 52 kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru, kukatiza katikati ya Aberdare. Wahifadhi wamepinga, na kwa kuwa Ihithe ndiko alikozaliwa Wangari Maathai, ubishi huo hauwezi kuisha leo wala kesho. Mimi ninaogopa tu kwamba lami ikipita huko, hata wenye magari ya chini watafika, na wote watataka yale maziwa.

Basi nikaanza kuuliza. Nanyuki ndiko makao makuu ya Land Rover. Jeshi la Uingereza lina kambi ya mazoezi kule, wafugaji wa Laikipia wana mashamba yasiyoisha, na kila gereji ina mzee mwenye grisi hadi kwenye nyusi anayeamini kwamba baada ya 1948, mwaka ilipotoka Land Rover ya kwanza, binadamu hajabuni kitu kingine cha maana.

"Hii utaitengeneza kwa nyundo na waya," mmoja aliniambia kwa fahari. Nikajiuliza kimoyomoyo kwa nini nyundo inatajwa kabla sijanunua.

Shida ya Land Rover ya zamani ni hesabu. Defender ya mtindo ule ilitoka kiwandani Solihull kwa mara ya mwisho Januari 2016. Sheria ya Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kutengenezwa. Jumlisha, utaona mlango wa Mombasa ulishafungwa. Zilizobaki ni hizi zilizomo nchini, na wenye nazo wanajua. Nilimpigia simu mmoja mwenye gari la namba za KAG, lililosajiliwa karne iliyopita, akanitajia bei. Nikamuuliza kwa heshima kama bei hiyo ni ya gari peke yake au ni pamoja na ekari lilipoegeshwa. Akakata simu.

Kundi la pili ni la Land Cruiser. Hawa hawabishani nawe, wanakuhurumia. Watakuonyesha magari ya polisi, ya hospitali za misheni, ya watalii, ya mashirika ya misaada, yote yakiwa ile ya jamii ya 70 iliyoanza 1984 na ambayo sura yake hadi leo haijakubali kuzeeka wala kurembeka. Sina ubishi nao. Ila mashirika ya misaada yanapoingia kituo cha mafuta, anayelipa yuko Ulaya. Mimi ninayelipa ndiye niliyekaa kwenye usukani, na tarehe 14 ya kila mwezi EPRA wakitangaza bei mpya huwa nazima redio.

Ndugu yake Prado ina huruma zaidi kwa mgongo, lakini inakuletea makuu. Ushuru wa bidhaa hupanda na ukubwa wa injini. Gari la 1500cc kurudi chini hutozwa asilimia 20, na dizeli inayopita 2500cc hutozwa 35, huku ushuru wa forodha na VAT vikisubiri zamu yao. Ukishamaliza kulipa hayo yote, mji mzima unakulipisha tena. Ingia soko la Karatina na Prado uone kabichi inavyopanda bei ungali unatafuta pa kuegesha. Kila harambee utakuwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hatoi noti moja.

Jimny niliipenda. Ni nyepesi, ina chesisi yake, ina gia za chini za kupandia, na mahali ambapo magari makubwa yanajadiliana na tope yenyewe imeshapita. Lakini ina viti vinne na sisi ni watano. Muuzaji alinitazama bila haya akaniuliza ni nani kati yetu asiyependa sana kambi.

Subaru Forester ni ya vijana wa mji huu. Inavuta kwa magurudumu yote manne, kweli, ila haina gia za chini, na ekzosi wanazozifunga zinasikika kutoka Ruring'u hadi King'ong'o. Mwalimu hawezi kufika shuleni na kelele za namna hiyo halafu awaambie wanafunzi wanyamaze. Na usiniambie ninunue cha nyumbani. Kenya tulijaribu, tukawa na Mobius iliyoundwa kwa ajili ya barabara zetu mbovu, lakini ile Mobius II ilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na Agosti 2024 kampuni ikatangaza kufunga kabla mnunuzi hajajitokeza. Sura yake nilikuwa naipenda.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi, nami nalisema kwa sababu nafundisha fizikia. Injini isiyo na tabo huvuta hewa inayoikuta, na hewa huzidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda, kiasi kwamba kwa kila mita 1,000 inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo farasi 100 wakishuka melini Mombasa ukawaswaga hadi Met Station, mita 3,050 kwenye njia ya Naro Moru, wanaofika ni kama 70. Wale 30 wamebaki Kieni wanakula majani. Na hao waliofika wana hema mgongoni, na mtungi wa gesi, na familia. Tabo inasaidia, sikatai, lakini tabo ikifa kule juu, spea yake iko Nairobi, Kirinyaga Road, na muuzaji anataka hela kwanza.

Hewa hiyohiyo haijui kupika. Jamaa wa Nairobi mwenye ngazi alitualika kambini kwenye nyanda za juu za Aberdare, na mke wangu, ambaye haamini chakula cha makopo, akabeba githeri mbichi. Kwa mwinuko wa mita 3,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, si 100. Saa nne usiku mahindi yalikuwa bado yanagonga kifuniko cha sufuria kutoka ndani. Watoto walikula biskuti wakatangaza kuwa ni usiku mzuri kuliko yote tangu wazaliwe. Asubuhi hema lilikuwa limeganda umande mweupe. Mke wangu hakusema neno. Alinitazama tu, na mama wa Nyeri akikutazama hivyo, unaondoka kwenda kutafuta kuni hata kama kuni zipo.

Wanaoyaelewa magari haya kwelikweli ni wale wa Rhino Charge. Tangu 1989 wanashindana kila mwaka porini, na mshindi si mwenye mbio, ni yule aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, yaani aliyekataa kulizunguka korongo. Michango yao ndiyo iliyosaidia kuizungushia Aberdare ua wa umeme wa kilomita 400 hivi, uliokamilika 2009, na shangazi yangu anayelima viazi pembeni ya msitu huwaombea kila Jumapili kwa sababu ya ndovu. Nawaheshimu. Ila wao wanavunja magari yao kwa hiari, wakiwa na mafundi wanaowasubiri. Mimi nikikwama, anayenisubiri nyuma ni dereva wa matatu, na hasubiri kimya.

Lakini hayo yote ni maneno ya mjini. Kwetu hasa ni kwenye kigongo kimoja upande wa Othaya. Lami inaishia kwenye duka la mwisho. Kuanzia hapo ni udongo mwekundu unaoteremka hadi mtoni na kupanda upande wa pili, na mvua ya Aprili ikishaulowesha unateleza kuliko utumbo wa mbuzi. Greda huja. Huja kila baada ya miaka mitano, Agosti ikikaribia, inaparua mawe tuliyoyapanga kwa mikono yetu, inatuachia udongo laini na bango lenye picha ya mtu anayecheka.

Habari kwamba nanunua fobaifo ilivuka mto kabla yangu. Nilipofika kwa Mama nikakuta ukoo umekaa kikao, chai imeshamiminwa vikombeni, na Baba mdogo ni mwenyekiti kwa sababu ndiye mwenye koti.

"Tumekubali ununue," alisema. Sikuwa nimeomba.

Shangazi aliuliza kama gari litafikisha majani ya chai ya nyumba tano kwenye kituo cha kununulia, maana lori la kiwanda wakati wa mvua huishia ng'ambo. Jirani wa maziwa akataka kujua mitungi itakaa wapi na kama viti vinaoshwa. Mama, yuleyule aliyesema nina nyumba, akakumbusha kuwa kuna mbuzi wa ruracio, yaani mahari, wanaotakiwa kufika Mukurwe-ini wakiwa wazima. Binamu yangu, ambaye mkewe ni mjamzito, alitaja tarehe. Alitaja tarehe na saa, akasema wa kwanza alizaliwa alfajiri.

Baba mdogo alingoja wanyamaze, akatoa mfukoni utepe wa seremala.

"Kijana, ile wanayoiita Jimny usiilete hapa."

"Kwa nini, Baba mdogo?"

"Fupi. Jeneza linataka futi saba. Mwaka jana gari la mochari lilikataa pale mtoni, tukambeba marehemu mabegani hadi juu, na alikuwa mtu mwenye mwili."

"Lakini mimi nataka gari la kupigia kambi."

"Kambi utapiga siku ngapi kwa mwaka? Huku watu wanakufa kila mwezi."

Kikao kizima kikaitikia kwa kichwa. Nilitafuta hoja ya kumjibu, sikuipata, na bado naitafuta. Mwenye gari dogo mvua ikinyesha ana udhuru. Anazima simu, analala, na asubuhi anasema barabara ilikuwa mbaya, na kila mtu anamwelewa. Mwenye fobaifo udhuru wake ameuuza mwenyewe, kwa mkopo, na riba juu. Hakuna muuzaji wa magari aliyewahi kunieleza hilo, na wote nilipowauliza gari lipi ni la kutegemewa walinijibu habari za injini. Ukoo ukisema gari la kutegemewa unamaanisha mambo mengine.

Tukiwa bado tunapimana hivyo, nje ikapita Probox ikitoka mtoni. Juu ya paa gunia la viazi, ndani watu ambao sikuweza kuwahesabu na kuku mmoja aliyechungulia dirishani, na tairi za mbele zimefungwa mnyororo. Haina gia za chini. Haina kifungio cha difu. Ngazi haina. Ilipanda kile kilima kwa mlio mmoja usiobadilika, ikakata kona ikapotea, na hakuna mtu kikaoni aliyegeuza shingo, kwa sababu inapita hapo kila siku.

Nilimtafuta dereva wake jioni dukani. Ni kijana niliyemfundisha, alikuwa anasinzia kipindi cha msuguano.

"Mwalimu, siri ni mbili," alisema. "Usiachie mafuta ukiwa katikati ya tope. Na usiendeshe gari unalolionea huruma."

Nikaenda nyumbani nikapiga hesabu upya. Siku nyingi za mwaka naenda shuleni na kurudi, naenda soko, naenda kanisani, navuka mto kumwona Mama. Probox ya 1500cc iko kwenye kundi la chini la ushuru. Imekuwepo tangu 2002, kwa hiyo hakuna fundi wa Karatina au Chaka asiyeijua akiwa amefumba macho, na boshi zake utazipata hata Jumapili mchana. Zipo hata zinazovuta kwa magurudumu yote manne, ukipata. Isitoshe, na hili ndilo lililonivuta hasa, hakuna ukoo unaoitisha kikao kwa ajili ya Probox. Kila mtu ana jirani mwenye nayo.

Simdanganyi mtu kwamba itafika kila mahali. Njia ya msituni ya kupanda lango la Chogoria ikilowa si mahali pa kuipeleka, na zile nyanda za juu za Aberdare zinataka gari lililoinuka na lenye gia za chini, tena langoni askari wa KWS atakutazama tairi kabla hajakutazama uso. Huko nitakwenda na gari la kukodi. Hata nikilipa kodi nzito, ni nafuu kuliko kulisha injini kubwa mwaka mzima ili ipande mlima mara chache. Baba mdogo ana haki kuhusu hesabu hiyo, na sitamwambia.

Kwa hiyo nimeamua, na washauri wote wa Nyeri wapumzike: Probox, tairi mpya zenye meno, na nyuma kuna mnyororo, jembe na kamba. Kambi itakuwa wikendi za Januari na Februari, wakati wa kiangazi, maana Aprili hata Land Cruiser ya polisi inajifikiria mara mbili. Githeri itachemshwa nyumbani kwanza. Nawe uliye Nanyuki, kama una fobaifo inayolala bure wikendi, yenye viti vitano, jeki inayofanya kazi na bei inayojua mwalimu analipwa ngapi, nitafute tuelewane. Ila ukikutana na mzee mwenye koti na utepe wa seremala, usimwambie ina urefu gani.